Urembo wa Hati na Deni la Mume: Ketuba ya Kiyahudi, Mahari ya Pwani na Swali la Kilelengwani

Tarehe 10 Septemba 2012, kijiji cha Kilelengwani katika Delta ya Tana kilivamiwa na nyumba zake kutiwa moto. Watu 38, askari polisi wakiwamo, waliripotiwa kuuawa. Chanzo cha mapigano ya mwaka ule baina ya Wapokomo na Waorma kimekwisha kuelezwa na wengi: ardhi, malisho, njia za kufikia maji, na siasa za kuelekea uchaguzi mkuu. Makala haya hayana nia ya kuyarudia maelezo hayo. Yanaanzia hapo kwa sababu moja tu. Nyumba inapoungua, huungua pamoja na karatasi zilizomo. Na mtu anapouawa, hufa pamoja na yale aliyoyashuhudia. Katika vijiji vya Tana ya chini, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya pwani, ndoa ya Kiislamu husimama kwa kauli: walii huozesha, mume hukubali, mahari hutajwa, mashahidi husikia. Sehemu ya mahari huweza kulipwa papo hapo, na sehemu nyingine kuachwa iwe deni. Mume akifa, deni hilo hutolewa katika mali yake kabla warithi hawajagawana chochote. Lakini mjane ambaye nyumba yake imekuwa jivu, na ambaye wale wawili waliosikia hawapo tena, atalithibitisha deni hilo kwa kitu gani?

Swali hili ni la kadhi kabla ya kuwa la mhakiki. Hata hivyo linamhusu mhakiki pia, kwa kuwa ndani yake limo swali kongwe la maadili ya sanaa. Hakuna jamii inayopamba maneno yake yote. Kila jamii huyachagua baadhi, ikayatilia vina, ikayachora kwa wino wa rangi, ikayachonga katika mbao, na mengine ikayaacha uchi. Uchaguzi huo hauwi wa bahati nasibu. Penye urembo ndipo jamii inapotaka jicho litue, na pasipo urembo ndipo jicho linapopita bila kusimama. Basi, likiwapo deni ambalo mwenye nguvu anadaiwa na asiye na nguvu, je, ni haki deni hilo liachwe bila pambo? Na likipambwa, je, urembo huo utalilinda au utalifunika?

Mfano ulio wazi wa jamii iliyoyapamba maneno ya deni la ndoa ni Wayahudi, na hati yenyewe ni ile iitwayo ketuba. Dini hiyo haikukosa wafuasi Afrika Mashariki: jumuiya ya Kiyahudi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1904, na karibu na mji wa Mbale, nchini Uganda, wapo Abayudaya, ambao mwanzo wao ni uamuzi wa Semei Kakungulu wa mwaka 1919. Lakini sanaa ya ketuba ilistawi mbali na hapa, nayo haina budi kuelezwa kwanza jinsi ilivyo.

Ketuba ni hati inayoandikwa, kwa desturi, katika Kiaramu, lugha iliyokuwa ya kila siku kwa Wayahudi wa kale. Hutaja tarehe, mahali, jina la bwana arusi na la bibi arusi pamoja na majina ya baba zao. Kisha huandikwa kwamba mume amejifunga kumlisha mkewe, kumvisha na kumheshimu, na kwamba iwapo atamwacha, au yeye mume akifa kwanza, mke atalipwa kiasi kilichotajwa. Sheria ya kale ilikiweka kiasi cha chini kuwa zuzi 200 kwa bikira na zuzi 100 kwa aliyekwisha kuolewa. Juu ya hicho mume huweza kuongeza, na mali aliyokuja nayo mke kutoka kwao huorodheshwa na kudhaminiwa. Mali yote ya mume huwa rehani ya deni hilo, hata vazi lililo mabegani mwake. Mashahidi wawili hutia saini. Chini ya kitambaa cha arusi hati husomwa kwa sauti, kisha hukabidhiwa mke. Jambo hili la mwisho lisipitwe haraka: hati ni ya mke. Hutunzwa na yeye au na watu wake, kwa sababu ndiye mdai. Wanavyuoni wa Talmudi walieleza sababu yake bila kupepesa macho. Walitaka mume asione kumwacha mkewe kuwa jambo jepesi.

Hati za namna hii ni za kale mno. Katika kisiwa cha Elefantini, mtoni Nile, zimepatikana hati za ndoa za Wayahudi za karne ya 5 kabla ya Kristo. Katika pango moja karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1961, Yigael Yadin na wenzake waliupata mkoba wa hati za mwanamke aitwaye Babatha, aliyeishi katika karne ya 2, na ketuba yake ilikuwamo. Babatha alikuwa amekimbia vita. Alipojificha pangoni hakubeba vyombo tu. Alibeba karatasi zilizoonyesha anachodai na anayemdai. Hati hizo hazina pambo lolote. Kwa hiyo si kweli kwamba ketuba ilizaliwa ikiwa sanaa. Ilizaliwa ikiwa karatasi ya deni, na urembo ukaja baadaye.

Ulikuja vipi? Vipande vya zamani vya ketuba zenye mapambo vimetoka katika ghala la maandishi la sinagogi la Kairo, vingi vikiwa vya kati ya karne ya 10 na ya 12. Baadhi ya wataalamu wamedokeza kwamba pambo la pembezoni lilianza kwa hila ya kisheria: mwandishi aliijaza nafasi iliyobaki wazi ili mtu mwingine asiweze kupenyeza sharti jipya baada ya saini kutiwa. Iwapo ndivyo, basi ua la kwanza la ketuba lilikuwa kufuli. Hapa mhakiki anapata funzo ambalo nadharia nyingi za sanaa kwa ajili ya sanaa zimelisahau, kwamba urembo na ulinzi vyaweza kuwa kazi moja ya mkono mmoja.

Sanaa hiyo ilifikia upeo wake Italia katika karne za 17 na 18, katika miji kama Venisi, Ancona na Roma. Maandishi yaliwekwa ndani ya mchoro wa lango lenye nguzo mbili na tao juu yake, kana kwamba wanaooana wanaingia nyumbani kupitia maneno yenyewe. Pembezoni palichorwa maua, ndege, nyota kumi na mbili za falaki, na mji wa Yerusalemu. Mara nyingi palichorwa kisa cha Maandiko kinachoafikiana na majina ya maarusi: akiwapo Isaka au Raheli miongoni mwao, Isaka au Raheli wa Maandiko aliweza kuonekana juu ya hati. Wayahudi wa Isfahani waliweka simba na jua, ishara walizoziazima kwa majirani zao. Na katika jumuiya za Kiyahudi za India samaki hujitokeza, kwa ajili ya baraka ya uzazi. Ishara hizi zilisafiri, zikabadilika kila zilipofika, na aghalabu msanii alichukua alichokiona sokoni kwake. Msomaji wa pwani hatashangaa. Naye amekulia mbele ya milango iliyochongwa mayungiyungi, minyororo na samaki, na bila shaka amesikia maelezo mengi kuhusu maana ya kila kimojawapo, mengine yakiwa yametungwa na waongozaji wa watalii.

Ketuba haiuelezi mji kwa jina lake peke yake. Desturi katika jumuiya nyingi ni kuutaja pamoja na maji yake: mji uliokaa juu ya mto fulani, au ufukoni mwa bahari. Mwandishi alitaka mahali patambulikane hata jina likibadilika. Lau Kilelengwani pangeandikwa katika hati ya namna hiyo, mwandishi angelazimika kuutaja mto Tana, na angekuwa na kazi, kwa maana mto huo wenyewe ulihama mkondo katika karne ya 19 ukaelekea Kipini. Hata mto si shahidi wa kuaminiwa moja kwa moja.

Sasa upande wa pili wa jambo. Urembo ulipozidi, deni lilianza kusahauliwa. Katika miji ya Italia ketuba iligeuka kuwa mashindano ya familia. Ngozi ilikuwa kubwa, dhahabu nyingi, nembo za koo mbili zikachorwa juu, na hati ikaonyeshwa kwa wageni kama vile leo yanavyoonyeshwa magari ya arusi. Wazee wa baadhi ya jumuiya walilazimika kutoa amri za kupunguza gharama za mapambo hayo. Na katika kushindana huko, kiasi kilichoandikwa kiliweza kutiwa chumvi kwa ajili ya heshima, na masharti ya kweli yakakaa katika karatasi nyingine isiyo na ua hata moja. Kwa upande mwingine, Wayahudi wa Ujerumani na Poland walikwisha kukifanya kiasi kuwa kimoja kwa watu wote, tajiri na maskini, ili asiye nacho asiaibike mbele ya watu. Huko ketuba zilikuwa za kawaida, nyingi bila pambo, na baadaye zikachapwa kwa mashine na kujazwa majina. Zipo chache zilizopambwa, kama ile ya Krems, Austria, ya mwisho wa karne ya 14, lakini ni chache.

Ukweli huu unamtatiza yeyote apendaye kusema kwamba uzuri na haki ni ndugu. Penye usawa wa kiasi, urembo ulipungua. Penye tofauti ya mali, urembo ulinawiri. Yamkini mtu angehitimisha kwamba pambo la ketuba ni sauti ya tajiri tu. Hitimisho hilo lingekuwa la haraka. Ketuba isiyo na pambo ya Poland na ile ya dhahabu ya Venisi zina maneno yaleyale ya msingi, na zote mbili ziko mkononi mwa mke. Tofauti yao ni katika jinsi zinavyotazamwa, si katika zinachosema. Jaribio kubwa zaidi limekuja karibuni. Tangu miaka ya 1970, hasa Marekani, ketuba ya sanaa imefufuka: hutundikwa ukutani sebuleni, na nyingi zimeandikwa maneno mapya ya mapenzi, usawa na ndoto za pamoja, zuzi 200 zikiwa zimeachwa kabisa. Urembo umebaki na deni limeondoka. Hata makumbusho, yanapoionyesha ketuba ya kale, humweleza mtazamaji habari za tausi na nguzo, na mara nyingi hayamwambii mke yule alidai kiasi gani.

Wala ketuba, hata iwe na dhahabu kiasi gani, haikumkomboa mwanamke katika kila tanzi. Katika sheria ya Kiyahudi talaka hutolewa na mume, na mume mkaidi huweza kumwacha mkewe akining'inia, si mke wala si mtalaka. Mwaka 1953 Saul Lieberman, mwanachuoni wa seminari ya Kiyahudi huko New York, alitunga kifungu cha kuongezwa ndani ya ketuba ili mume wa namna hiyo aweze kubanwa. Kifungu hicho hakina uzuri wowote wa lugha. Ni kavu kama risiti. Pengine hakuna mstari katika historia nzima ya ketuba uliostahili kupambwa kuliko huo.

Kutoka hapa twaweza kurudi pwani na kuuliza: urembo wetu uko wapi? Haukukosekana. Mafundi wa Siyu, kisiwani Pate, waliandika misahafu kwa wino mweusi na mwekundu na manjano, yenye kingo zilizosukwa kwa ustadi ambao bado unawashangaza wataalamu. Lamu ilikuwa na Muhammad Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945, mshairi, mwandishi wa khati na mchonga mbao, mtu ambaye mkono mmoja ulishika kalamu na mwingine patasi. Arusi yenyewe ilikuwa na gungu na tumbuizo zake, vyakula vyake na mapambo ya kitanda. Leso ya kisutu ilikuwa na nafasi yake. Kila kilichoizunguka ndoa kilipambwa: mlango wa kuingilia, nguo ya kuvalia, wimbo wa kuchezea, mikono na miguu ya bibi arusi kwa hina. Kitu kimoja hakikupambwa, nacho ni maneno ya mahari. Yalitajwa, yakasikika, yakaisha. Baadaye, kufuatia sheria ya kikoloni ya mwaka 1906 ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu, yaliingizwa katika daftari, kwenye safu nyembamba baina ya safu nyingine.

Haiwezekani kusema kwamba dini ndiyo iliyozuia. Waislamu wa Iran walizipamba hati zao za ndoa kwa dhahabu na maua, na ni kutoka kwao Wayahudi wa nchi hiyo walipojifunza mengi. Aidha, Kurani yenyewe, katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 4, inaamuru wanawake wapewe mahari yao, na aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 ya Sura Al-Baqara, inahusu kuandikwa kwa deni la muda. Mahari yaliyoahirishwa ni deni la muda. Pwani iliyoiandika aya hiyo kwa wino wa rangi tatu haikuona haja ya kuipamba karatasi ambayo aya hiyo inaielekea.

Kilichopambwa badala yake ni wosia. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi ambao hapana haja ya kuusifu. Umesomwa, umekariririwa na umenakiliwa kwa mikono vizazi kwa vizazi. Ulipochapishwa mwaka 1934 na Alice Werner na William Hichens, waliuita kwa Kiingereza nasaha juu ya wajibu wa mke. Jina hilo ni la wahariri, lakini halikuzuliwa bure. Mama anamweleza binti namna ya kumridhi mume, kumtunza, kumpambia nyumba na mwili, na anamwonya kwamba radhi ya mume ina uzito Siku ya Hukumu. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, aliwataka wasomaji wausome upya utendi huo, wasikie ndani yake mwanamke anayezungumza na wanawake kuhusu jinsi ya kupata nguvu mahali ambapo nguvu haikugawanywa sawasawa. Usomaji huo una mashiko. Mtu amfundishaye mwanawe kuogelea hasemi kwamba bahari ni njema.

Hata hivyo, ukiuweka utendi huu kando ya ketuba, tofauti moja haifichiki. Bibi arusi wa Venisi alipokea siku ya arusi maandishi mazuri yaliyoorodhesha wajibu wa mume kwake. Bibi arusi wa Lamu na Pate alipokea maandishi mazuri yaliyoorodhesha wajibu wake kwa mume. Wajibu wa mume nao ulikuwapo, na kwa sheria ulikuwa mzito, lakini haukuimbwa. Msichana angeweza kuukariri utendi mzima kwa moyo na asijue kwa yakini ni kiasi gani cha mahari yake kilichobaki kwa mume, kwa kuwa kiasi hicho kilitajwa baina ya wanaume, naye akiwa ndani. Hapa ndipo uchaguzi wa jamii kuhusu nini kipambwe unapokuwa suala la maadili. Si kwamba utendi ni mbaya. Ni kwamba mizani ina sahani mbili, na fundi aliipamba moja.

Fasihi ya Delta yenyewe inatoa ushahidi mkali zaidi. Masimulizi ya Fumo Liyongo yamefungamana na nchi hii: Shaka, Ozi na Kipini, ambako wengi husema ndiko kaburi lake liliko. Kijumwa aliyaweka masimulizi hayo katika utendi mwaka 1913. Ndani yake imo ndoa iliyovuka mpaka wa makabila. Wafugaji waliokuja Pate kufanya biashara, ambao utendi unawaita Wagala, jina ambalo leo si la heshima na ambao Waorma ni jamaa zao, walimwona Liyongo, wakastaajabia nguvu zake, wakataka mbegu yake. Akaozwa kwao. Ndoa hiyo ni mapatano ya wakubwa wawili, na mwanamke ni njia ya kupitishia nguvu kutoka ukoo hadi ukoo. Utendi haumpi mwanamke huyo sauti, wala hautuambii aliwekewa nini. Baadaye mwana wa Liyongo anaahidiwa binti wa mfalme na cheo, ili apeleleze ni kitu gani kinachoweza kumwua baba yake. Naam, sindano ya shaba inaingia kitovuni kwa ajili ya ahadi ya ndoa. Katika utendi huu ndoa mbili zinasukuma kisa, na zote mbili ni mikataba ambayo mke si mhusika wa mkataba. Yeye ni kitu kinachotajwa ndani yake. Wahakiki wameandika mengi kuhusu ushujaa wa Liyongo na usaliti wa mwanawe. Suala la nani alimdai nani katika ndoa hizo halijapewa uzito unaolistahili.

Itapingwa kwamba mizani hii inampendelea mwenye kalamu. Jamii ya kauli ina njia zake. Ng'ombe waliotolewa na Muorma katika kuoa hawakuhitaji karatasi: walionekana wakiswagwa, walijulikana kwa rangi na kwa alama, na kijiji kizima kilikuwa daftari. Sauti ya mzee aliyesema "nilikuwapo" ilikuwa na uzito ambao saini haina. Na mwanamke wa pwani si bubu mbele ya sheria. Susan Hirsch, aliyezichunguza mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi katika kitabu chake cha mwaka 1998, ameonyesha kwamba wanaopeleka mashtaka huko aghalabu ni wanawake, na kwamba kwa kusimulia tu mateso ya ndoa zao, jambo ambalo adabu inawakataza nje ya mahakama, hupata haki zao mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Kauli, basi, si udhaifu. Ni sanaa, nayo ina mafundi wake wa kike.

Pingamizi hili lina nguvu katika kijiji kilichosimama. Daftari lililo katika vichwa vya watu hudumu maadamu watu wanaishi pamoja na wanapenda kukumbuka. Kilelengwani mwaka 2012 masharti yote mawili yalivunjika kwa siku moja. Waliosalia walitawanyika, na jirani aliyekuwa shahidi wa arusi aliweza kuwa sasa ni wa upande wa pili. Ushahidi wa kauli unategemea kitu ambacho vita hukiua kabla ya kuwaua watu, yaani nia njema ya kusema kweli kwa faida ya asiye wa kwenu. Babatha alilijua hilo pangoni mwake.

Tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ndoa zote nchini Kenya, za Kiislamu zikiwamo, zinatakiwa kuandikishwa na kupewa cheti. Hatua hiyo ni njema, na mtu angeweza kudhani kwamba inalimaliza swali. Lakini karatasi ya serikali hutunzwa kama karatasi za serikali zinavyotunzwa: ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro, pamoja na kitambulisho cha mume. Haisomwi kwa sauti arusini. Haikabidhiwi mke mbele ya watu. Haina sababu ya kutazamwa mpaka siku ya ugomvi, na siku hiyo mara nyingi iko mkononi mwa asiyestahili kuwa nayo. Kinachokosekana hapo si dhahabu. Ni ile kazi ambayo urembo uliifanya ulipokuwa bado ni kufuli: kulifanya deni lionekane, lijulikane na watu wengi, liwe aibu kulikana. Mshairi wa Lamu angeweza kuifanya kazi hiyo kwa beti nne, fundi wa Siyu kwa ukingo mmoja wa wino mwekundu, na kungwi kwa wimbo wa kumfunda mwari kwamba ana kiasi fulani kwa bwana wake, na akitaje. Malighafi yote ipo. Hapana sababu ya kisanaa kwa nini somo la kungwi lielekee upande mmoja.

Wayahudi wana kanuni moja ambayo haihusu urembo hata kidogo, na ambayo huenda ni nzuri kuliko malango yote ya Venisi. Ketuba ikipotea au ikiungua, mume na mke hawaruhusiwi kuendelea kukaa pamoja kama kwamba hakuna kilichotokea. Sharti hati nyingine iandikwe upesi kuchukua mahali pa ile iliyopotea, na ndani yake hutajwa kwamba ya kwanza imepotea. Kwa hiyo msiba wa nyumba kuungua humrudisha mume mezani, siku ileile, kulikiri deni lake upya mbele ya mashahidi wapya. Baada ya moto wa mwaka 2012, watu wa Delta walipewa mahema, mablanketi na chakula, na vikao vya amani viliitishwa kuzungumzia mipaka na malisho. Ndoa zilizokuwa na mashahidi waliozikwa hazikuwa na kikao chake.